Msimamizi Hayupo

Jumatatu, 3 Machi

Kaondoka jana asubuhi. Begi la kamba begani, kofia ngumu kaining'iniza mkononi kama ndoo. Minara mipya, huko milimani. Mume wangu ni fundi wa minara ya simu, anapanda kule ambako hata ndege hufikiria mara mbili — na kazini kwake hakuna mtandao mpaka mnara wenyewe usimame! Nikamwambia, wewe ni mwokaji mikate unayelala njaa. Kacheka. Kaondoka hivyo hivyo, anacheka.

Mwisho wa mwezi atarudi. Kasema mwenyewe, sikumuuliza.

Niseme ukweli, nimemkasirikia. Jumamosi nzima, siku yetu ya mwisho, kaishinda na kompyuta yangu. Sikatai, ilikuwa mgonjwa. Virusi tupu. Ilikuwa inafungua matangazo yenyewe, wanawake wasiojulikana wanamkonyeza mteja wangu ambaye ni mchungaji wa kanisa. Basi kafuta kila kitu, kaweka mfumo mwingine unaoitwa Linux. Wa bure, wa wazi, eti mtu yeyote anaweza kuona ulivyoundwa. Nikasema mimi sitaki kuona ulivyoundwa, nataka kutengeneza mihuri. Ile programu yangu ya kuchorea ikaenda na maji.

"Nikirudi nitakuwekea nyingine, nzuri zaidi."

Halafu mawaidha, mlangoni, gari linapiga honi. Usipakue vitu ovyo. Ukitaka programu nenda duka lake, liko humo humo ndani ya kompyuta. Usibandike amri usiyoielewa. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, kama mtoto anayetumwa sokoni. Nilitaka aniambie kitu kingine.


Jumatano, 5 Machi

Mwalimu Mkuu kaja karakanani. (Karakana! Ni chumba chetu cha mbele, meza moja, taa ya kuchomea mpira, beseni la kuoshea, rafu ya vipini.) Shule yake imeunganishwa na ya jirani, imepata jina jipya refu kama treni. Anataka muhuri wa duara, jina lizunguke, kitabu katikati. Kabla ya mwezi kwisha. Ukipendeza, shule nyingine zote za eneo letu zitafuata, kasema. Nimekagua barua yake ya idhini kama kawaida. Sitengenezi muhuri bila kuona barua, hata angekuwa baba yangu mzazi.

Nikasema hakuna shida, Mwalimu. Mdomo huu!

Kilichomo kwenye kompyuta ni programu ya kuandikia barua tu. Haizungushi maandishi, inayanyoosha kama rula. Tangu juzi wateja wawili nimewaambia mihuri ya mraba ndiyo iliyo kwenye fasheni. Mmoja kaamini.

Basi nimeingia lile duka la programu. Zimo nyingi, zote bure. Lugha nusu Kiswahili nusu Kiingereza kama mtangazaji wa redio. Nikatafuta za kuchorea, nikaona moja, nikabonyeza Sakinisha.

Nikaruka kwenye kiti.

Sura yake! Katikati ya kioo. Ile picha niliyompiga mimi uani, kavaa kofia ngumu, jicho moja kalifumba kwa jua. Chini yake: Mrefu. Hilo ndilo jina lake la utani tangu shuleni, kajiandikisha nalo. Na chini ya jina, kisanduku: weka neno la siri.

Nimeelewa baada ya muda. Yeye ndiye msimamizi wa hii kompyuta. Mimi ni mtumiaji wa kawaida. Kila kinachotaka kuingia humu lazima kimwombe ruhusa yeye. Na yeye yuko juu ya mlima, ananiangalia kwa jicho moja.

Nikabonyeza Ghairi. Akaondoka.

Nikabonyeza Sakinisha tena. Akarudi.


Ijumaa, 7 Machi

Mihuri ya mraba miwili. Mmoja wa tarehe.

Nimemfungua mara kadhaa. Sitasema ngapi.


Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe kanikamata. Kaja na kikombe cha chai, mimi sikusikia hatua zake, na mwanawe yuko pale kwenye kioo kizima.

"Alaa! Kumbe mnaongea?"

Nikamweleza haongei, Mama, hii ni picha tu, kompyuta inataka ruhusa yake. Hakunisikiliza. Kaweka chai juu ya karatasi zangu, kasogeza miwani, kamsalimia. Hujambo baba. Umekonda. 

Nilipobonyeza Ghairi alinishika mkono.

"Mrudishe kidogo, mkamwana."

Nikamrudisha.


Jumapili, 9 Machi

Kapiga! Jumapili hupanda kilima fulani ambako simu inashika. Upepo mtupu. Nimesikia: baridi, maharage, nguzo ya kwanza imeanza, mama hajambo? Nikampa mama. Mama akapiga kelele kana kwamba anamwita bila simu. Niliporudishiwa ilikuwa imekatika.

Sikumwomba neno la siri. Nilikuwa nalo ulimini kabisa. Nilipata nafasi, nisijidanganye, kabla ya kumpa mama nilipata nafasi. Lakini nikifikiri: akinipa, nitaweka programu mwenyewe. Na yeye kasema atakuja kuniwekea. Kwa hiyo aje.

Najua hii si akili ya mtu mzima. Ndivyo ninavyohisi.


Jumanne, 11 Machi

Ni mume wangu, nalala naye kitanda kimoja, nitashindwaje kulijua neno lake?

Nikajaribu jina langu. Hapana.

Jina langu la utani, analoniita tukiwa wawili. Hapana.

Mtaa tulipokutana. Hapana. Halafu kompyuta ikachoka na mimi, ikanifungia, imeniambia nimekosea mara nyingi mno nijaribu baadaye. Nimefungiwa nje ya mume wangu saa nne asubuhi, na wateja wanapita barabarani.

Nimelia kidogo. Si kwa sababu ya programu. Kwa nini siyo jina langu?


Ijumaa, 14 Machi

Shemeji yangu kaja, mdogo wake Mrefu, yule muuza vifaa vya simu. Mama mkwe kamwambia nina taabu. Kaja na flashi mkononi na maneno mengi.

"Shemeji, umeteseka bure. Programu hii hapa. Wenzako wote wanatumia hii."

Tukaichomeka. Tukabonyeza mara mbili. Kimya. Tukabonyeza tena. Kompyuta ikatuuliza kwa adabu tunataka kuifungua kwa kitu gani. Ilikuwa programu ya ule mfumo wa zamani, huku ni sawa na kumpa ng'ombe nyama. Na nikamwuliza, hii umeitoa wapi? Kwa jamaa. Jamaa naye? Kwa jamaa. Mimi hata mpira wa muhuri siununui kwa jamaa wa jamaa!

Hakukata tamaa. Kaingia mtandaoni, kapata ukurasa wenye kitufe cha kijani kikubwa kama sahani kilichoandikwa Pakua. Nikamzuia. Nimeona pembeni kuna kingine kidogo, kimeandikwa hivyo hivyo, bila mbwembwe. Kipi cha kweli? Hajui. Hajui lakini yuko tayari kubonyeza. Hapo akasema basi kuna amri, mstari mmoja tu, mtu fulani kaiandika kwenye jukwaa la mafundi, unanakili unabandika kwenye lile dirisha jeusi, mambo kwisha. Inafanya nini? "Inaweka." Mstari wenyewe mrefu, una nukta na mikwaju, unaanza kwa kuomba nguvu za msimamizi.

Kaubandika kabla sijamshika mkono. Kompyuta ikauliza neno la siri la Mrefu.

Safari hii hakukuwa na picha, maandishi tu. Lakini alikuwa ni yeye, kasimama mlangoni kwetu na ule urefu wake. Shemeji kajaribu jina la timu yao ya mpira. Hapana. Kajaribu mwaka wa kuzaliwa. Hapana. Nimefurahi kuliko inavyostahili.

Mama mkwe kutoka jikoni: "Huyo ndugu yako alikuwa hivyo hivyo hata na pipi."


Jumapili, 16 Machi

Leo tumeongea. Tumeongea hasa, kama watu. Upepo ulitulia.

Nikamwambia nilijaribu kubahatisha neno lake. Kacheka mpaka akakohoa. Ulianza na nini? Nikamwambia nilianza na jina langu. Kasema, nami naandika nilivyolisikia:

"Ningeweka jina lako, mwizi si angeanza nalo? Kila mtu anajua nakupenda."

Nimelikunja hilo nimeliweka.

Nikamweleza mambo ya shemeji. Hapo hakucheka. Ile amri ingeweza kuleta chochote, kasema, hujui aliyeiandika, na ukishampa nguvu za msimamizi umempa nyumba. Nikauliza, na duka lako je, nalo nalijuaje? Akanieleza kwamba kila kifurushi cha mle dukani kina muhuri wa waliokitengeneza. Kompyuta inaukagua kabla haijapokea. Kikiguswa hata herufi moja njiani, muhuri haulingani, kinarudishwa.

Aa! Kwa nini hakusema hivyo tangu mwanzo? Hilo naliweza. Mimi najua jinsi mtu anavyokuja na tabasamu kutaka muhuri wa ofisi isiyo yake. Nimewafukuza wangapi. Nikamwambia, kumbe kompyuta yako inafanya kazi yangu. Kasema ndiyo maana nilikuwekea huu mfumo.

Nikauliza, mwisho wa mwezi? Kasema mwisho wa mwezi. Kasema haraka.

Neno la siri sikuomba. Naye hakulitaja.


Jumatano, 19 Machi

Mwalimu Mkuu kapita. Muhuri uko wapi? Nimemwonyesha nilichochora kwa mkono, kwa bikari na kalamu. Kalitazama duara langu muda mrefu, kama anasahihisha mtihani. Kasema mama, hiki kitabu cha katikati kinafanana na tofali. Kweli kinafanana.

Shemeji naye kwa simu: anamjua fundi, tumpelekee kompyuta, atafuta huo mfumo wa kaka na kurudisha wa zamani. Nusu siku tu.

Nikasema hapana. Nikasema si salama, programu za wizi, virusi vitarudi, yule mchungaji. Yote kweli kabisa. Ila kilichonitoka kwanza, kabla ya sababu, ni kwamba wakifuta watamfuta na yeye. Pale kwenye kioo cha kuingilia asubuhi kuna majina mawili, lake na langu. Nikiwasha nayaona yote mawili. Sitaki kuona moja.


Jumapili, 23 Machi

Hajapiga. Mama mkwe kashinda na simu mapajani kama yai.


Jumatatu, 24 Machi

Hajapiga.

Nimemfungua. Jicho moja wazi, jingine limefumba. Nimemwuliza kwa sauti, uko wapi wewe? Kisanduku kinawaka, kinangoja neno.


Alhamisi, 27 Machi

Mwalimu Mkuu kasema kwa upole, na upole ndio uliniuma. Jumanne asubuhi, mama. Usipokuwa tayari nitapeleka kwingine, wakubwa wangu wananidai. Nikamsindikiza mpaka barabarani.

Mama mkwe alikuwa anakunja nguo. Alisikia yote. Akaniita nikae.

"Nikuulize, mwanangu. Unasubiri programu, au unasubiri mume?"

Nikasema programu, Mama.

"Neno lenyewe umemwomba?"

Akaendelea kukunja shati, ni la mwanawe, safi, halijavaliwa tangu aondoke, na yeye analifua. Kasema mimi pia ningependa aendelee kuhitajika hapa nyumbani. Lakini nyumba hula, mwanangu. Halafu akanipa upande mmoja wa shuka tulikunje pamoja.

Nampenda huyu mama. Nimemkumbuka mwanawe leo mpaka mwili unauma, hasa huku mabegani, mahali anapoweka mikono akipita nyuma ya kiti changu.


Jumapili, 30 Machi

Kapiga mapema. Sauti safi kama yuko chumba cha pili! Mnara wa kwanza umesimama, umewashwa jana, anapiga akiwa chini yake. Wiki iliyopita mvua ilizuia njia ya kilimani. Nilikuwa nimeshamzika mara tatu, nikamwambia. Kasema pole, mke wangu.

Nikaomba. Mwisho nikaomba. Nipe neno la siri, Mwalimu Mkuu anaondoka na kazi.

Kasema kwa meseji hapana, meseji hukaa. Nitakutajia, usiandike popote. Kashusha sauti kwa sababu ya wenzake. Ni maneno manne ya kawaida, hayahusiani hata kidogo, ndiyo maana hayakisiwi. Nimeyarudia mpaka yakakaa. Hata hapa siyaandiki. Hakuna linalonihusu mimi. Nilijua, na bado nililitafuta.

Halafu kanipa maelekezo. Kwanza masasisho. Kisha piga picha ya hali ya mfumo, ipo programu ndogo ya kazi hiyo, ili ukiharibu unairudisha kompyuta ilivyokuwa siku ile. Ndipo uweke cha kwako. Baada ya hapo ingia kwenye Watumiaji, bonyeza jina lako, washa swichi ya msimamizi. Uwe msimamizi wewe mwenyewe. Na ukimaliza badilisha neno langu mimi, maana nimeshalisema kwenye simu, limeharibika.

Nikasema yote hayo ya nini? Programu nitaiweka, mengine si utayafanya ukija keshokutwa?

Upepo.

Kasema wameongeza safu ya pili. Minara mingine, ng'ambo ya bonde. Aliyekuwa aishike hiyo kavunjika mguu. Kasema mpaka mvua nyingine, labda. Kasema labda mara nyingi.

Mama mkwe alikuwa amenyoosha mkono kuipokea simu. Nikampa.


Jumatatu, 31 Machi

Nimefanya kazi. Hasira inafanya kazi vizuri.

Masasisho kwanza. Sura yake, maneno manne, ikakubali! Sijui kwa nini nilishangaa. Ikapakua, ikapakua, nikaosha beseni na kupanga vipini. Kisha ile picha ya hali ya mfumo. Kompyuta ikishapigwa picha hiyo unaweza kuirudisha nyuma, siku uliyochagua, kana kwamba mengine hayakutokea. Kungekuwa na kitu hicho kwa nyumba ningeirudisha Jumamosi ile. Ningeifunga hii kompyuta, ningemwambia kaa hapa.

Kisha programu ya kuchorea. Ziko mbili za jina karibu moja! Ya kwanza watengenezaji wake wamethibitishwa, ina alama ya vema kando ya jina. Ya pili mtengenezaji hajulikani, picha zake zinang'aa zaidi, na inaomba ruhusa ya kusoma mafaili yangu yote na kutumia kamera. Kamera ya nini, unachora duara! Huyo namjua, huyo ndiye yule anayekuja na tabasamu bila barua. Nikachukua ya kwanza. Sura yake, maneno manne.

Jina la shule limezunguka kama maji kwenye sahani. Kitabu ni kitabu. Nimegeuza herufi kinyume, nimechapa kwenye plastiki, nimechoma mpira, nimeosha, nimebandika. Kazi imetoka.

Ikabaki swichi.

Nikaenda kwenye Watumiaji, nikabonyeza Fungua ili nibadilishe. Kaja tena, kofia, jicho moja. Nilikaa naye. Chai ilipoa. Mama mkwe alikuja, akaangalia, akatoka bila kusema kitu, na yeye huwa hatoki bila kusema kitu.

Kisha nikaandika maneno manne, nikawasha swichi.


Jumanne, 1 Aprili

Mwalimu Mkuu kapiga muhuri kwenye karatasi, kwenye bahasha, kwenye kiganja chake mwenyewe kama mtoto. Shule nyingine zinakuja. Kanipa mkono. Nimefurahi, kwa kweli nimefurahi, nimeimba nikifagia.

Alasiri mama mkwe kavuta kiti chake.

"Haya, mfungue."

Nikabonyeza Sakinisha, programu yoyote tu, sijui hata ilikuwa ya nini. Kikatokea kisanduku. Na juu ya kisanduku kichwa cha kijivu, hakina macho wala mdomo.

"Huyu nani?"

Nikasema ni mimi, Mama. Sasa kompyuta inaniomba mimi.

"Na yeye?"

Yupo, kwenye majina ya asubuhi yupo. Ila hapa haji tena.

Alikitazama kile kichwa. Kasema weka hata picha basi, mkamwana, unatisha. Tukacheka wote wawili. Akajifuta macho na upande wa kanga, akasema ni kucheka.


Ijumaa, 4 Aprili

Mihuri ya duara mitatu. Hakuna anayeuliza ya mraba, fasheni imepita.

Nimeweka programu moja nyingine leo, ya kukata picha. Nimesoma ruhusa, nimeangalia alama, nimeandika neno langu mwenyewe. Hakuna aliyeniangalia. Ni kazi rahisi sana, kumbe. Hilo ndilo linalonisumbua.

Neno lake bado sijalibadilisha. Alisema limeharibika. Mimi naliona zima.


Jumapili, 6 Aprili

Asubuhi nimelibadilisha. Anasema kweli, neno lililopita kwenye simu si siri tena, na mimi ndiye msimamizi, nisipofanya nani atafanya? Nilibonyeza jina lake, Weka neno jipya. Nikafikiri muda mrefu. Nikachagua mwenyewe, maneno manne, hayahusiani. Nikayaandika mara mbili kama inavyotaka. Ikakubali.

Hapo ndipo nilipogundua nilichofanya. Hawezi tena kuingia. Mume wangu, aliyeijenga hii kompyuta Jumamosi nzima, akiketi hapa sasa hivi itamkataa kama ilivyonikataa mimi.

Saa tano simu. Salamu, mama hajambo, Mwalimu Mkuu? Nikampa habari zote. Kafurahi. Halafu, umebadilisha lile neno langu? Nikasema asubuhi hii. Safi sana, umeweka nini?

"Njoo nikuambie."

Kacheka. Kasema haya, nitajie taratibu, hakuna anayenisikiliza. Nikasema likishasemwa kwenye simu limeharibika, wewe ndiye uliyenifundisha. Kacheka tena, kidogo. Sasa nikirudi nitaingiaje? Ukirudi nitakuwa nimekaa hapa, nikasema, utaniuliza nitakuambia sikioni.

Huko kwake chuma kinagongwa.

Kasema taratibu, unataka nije.

Nami nikasema. Sikupitia kwenye kompyuta safari hii. Nikasema ndiyo, nataka uje. Kazi yangu inakwenda, kompyuta ni nzima, sina kitu cha kukuomba uje ukirekebishe, hata kimoja. Nakutaka wewe. Hiyo safu ya pili wakamtafute mrefu mwingine.

Sijawahi kumwambia hivyo. Siku zote nilikuwa namtafutia kazi ya kufanya.

Kavuta pumzi, nimesikia. Kasema subiri. Usikate. Ngoja niseme na mnyapara, yuko hapa karibu.

Simu iko mezani, kando ya daftari, haijakatwa. Ndiyo maana naandika, mikono ishike kitu. Nasikia upepo. Nasikia viatu vyake kwenye kokoto, vinakwenda. Sasa sauti yake, mbali, anaeleza, maneno siyashiki. Mama mkwe kasimama mlangoni, ananiuliza kwa macho. Nimemwinulia kidole, asubiri.

Mtu mwingine anajibu. Sauti nzito, hana haraka. Mama kavuta kiti, kakaa.